Nimelipia kiti cha dirishani kwenye ndege ambayo sijawahi kuipanda

Wakuu, onga mshi. Kwa wasiojua, hiyo ndiyo salamu yetu ya mchana huku milimani Lushoto. Walionizidi umri shikamooni, wengine marahaba hata kama hamjaniamkia.

Ninachoandika hapa kimenipata mimi mwenyewe. Chumvi sijaongeza, na pale nilipoaibika nitasema nimeaibika.

Majina nayataja. Anayeona nimemchafua aje ajibu humu humu, bando safari hii atajinunulia mwenyewe.

Mimi ni mtu wa makamo, darasa la saba, nalima karoti na kabichi Lukozi. Hii simu ya kupangusa nimeinunua baada ya haya mambo kutokea. Wakati ule nilikuwa na simu ya batani, tochi yake ndiyo kitu pekee kilichokuwa kizima.

Sasa twende.

Lukozi mawakala wa benki tunao, shida ni siku ya soko. Ikifika saa nne asubuhi wakala kaishiwa floti, na wewe una vibarua shambani wanataka chao. Kushuka Lushoto kwenye ATM ni nauli na nusu siku imepotea.

Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Kadi za watu kama kumi zinawekwa kwenye kopo la majani ya chai. Kila kadi imebandikwa plasta, ile ya kidonda, na juu ya plasta imeandikwa namba ya siri. Mtu mmoja mwaminifu anashuka na kopo, anatolea kundi zima, anarudi na hela za kila mtu zimefungwa mpira.

Ndiyo. Namba ya siri juu ya plasta. Chekeni mmalize, nawasubiri.

Mmemaliza? Haya.

Huyo mtu mwaminifu anaitwa Twaha. Twaha ni kaka mkubwa wa mke wangu Zubeda. Kwao ni Mlola, ila anaishi Lukozi na mkewe Hadija, ni dalali wa mboga. Kasoma mpaka form four, Kiingereza anakijua, kanzu imenyooka, ndevu zimechanwa. Msikitini anakaa safu ya mbele.

Hata akaunti yangu ya benki alinisindikiza yeye kufungua. Nilipewa fomu ndefu, kalamu ikawa nzito mkononi. Twaha akaivuta akasema, "Lete hapa shemeji, wewe weka sahihi tu, hizi fomu zina maswali mengi ya bure."

Akajaza yeye. Nikaweka sahihi. Hiyo fomu msiisahau, itarudi.

Msimu uliopita nilipakia karoti kwenye Fuso nikazipeleka Dar mwenyewe, nimechoka kusimuliwa bei na madalali. Bei nilikuta mbaya kuliko niliyosimuliwa. Nikakaa siku tano nikilala juu ya magunia, narudi nyumbani nanuka karoti mpaka kwenye masikio.

Siku niliyorudi Lukozi nikamkuta Twaha kwangu, naye katoka safari. Alisema alikwenda Magoma, kule chini upande wa Korogwe, kuangalia shamba la kukodi la mahindi. Alikuwa ameleta zawadi, dagaa mfuko mzima. Wakavu, wakubwa, wanang'aa.

Nikamwambia, "Shemeji, Mungu akuzidishie."

Wakuu, naomba mnielewe. Nilimwombea dua. Kwa mdomo wangu huu.

Wiki ikapita. Nikataka mbegu za viazi, nikashuka Lushoto na kadi yangu. ATM ikagoma. Salio halitoshi. Nikaingia ndani kwa dada wa dirishani, akabonyeza bonyeza, akaniangalia kama mtu anayetafuta namna ya kuanza.

"Baba, mbona umelipia ndege?"

"Ndege gani?"

"Ndege ya kupanda. Tena umelipia mara tatu."

Foleni nyuma yangu ikanyamaza. Foleni ya benki ikinyamaza ujue imekusikia. Jamaa mmoja akasema kwa sauti, "Kabichi za Lukozi siku hizi zinakwenda kwa mbawa!" Wakacheka mpaka askari wa mlangoni.

Yule dada akanichapia statement, akazungushia mistari mitatu kwa kalamu. Mstari wa kwanza hela nyingi, laki nne na ushee. Wa pili elfu chache. Wa tatu hela ya kati. Kila mstari una jina lililokatwakatwa, kama aliyeandika alikuwa anakimbizwa, halafu namba ndefu kama ya injini ya trekta.

Akasema, "Kama si wewe, tunafunga kadi sasa hivi, halafu ujaze fomu hii ya kukataa malipo."

Kadi akaifunga. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Nikaikunja nikaiweka kwenye koti pamoja na ile statement, nikajisemea, hii nitampelekea shemeji anijazie.

Msicheke mapema, bado.

Nilifika nyumbani nimechoka, nikatundika koti, nikaenda shambani kufungulia maji. Zubeda akachukua koti afue. Akakuta karatasi. Naye akafikiria kama nilivyofikiria mimi: Kiingereza anakijua kaka. Akampelekea.

Yaliyosemwa huko alikuja kuniambia mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni, kanga kaifunga kiunoni ile ya vita.

"Baba Sofia, Mwanza ulimpeleka nani?"

"Mwanza ipi?"

"Kaka kaisoma karatasi yote. Anasema hii ni tiketi ya ndege, Dar kwenda Mwanza na kurudi. Na tarehe ni zile zile ulizokuwa Dar unauza karoti!"

"Mama Sofia, mimi ndege naziona tumbo tu zikipita juu."

"Na kiti ulichagua. Kaka anasema mpaka kiti mlichagua!"

Hiyo "mli" ndiyo iliyoniua. Kesho yake asubuhi alibeba nguo zake akaenda kwa mama yake Mlola. Miaka ishirini na mbili ya ndoa. Tulishavumilia mvua iliyobeba shamba, tulishavumilia mwaka ambao kabichi tulilisha ng'ombe. Karatasi moja ikamtoa.

Twaha akaja kunipa pole. Akakaa kwangu, akanywa chai yangu. Akasema, "Shemeji, mimi nakutetea sana kule, lakini karatasi ndiyo imeongea. Jumapili kuna kikao Mlola. Uje na beberu, na vitenge doti mbili vya mama. Ukikiri mapema, Zubeda anarudi."

"Nikikataa?"

Akatikisa kichwa kama imamu aliyefiwa. "Ukikataa sitakuwa na la kufanya. Anabaki nyumbani kwao."

Nilikaa siku mbili sili vizuri. Kukiri kosa ambalo sijalifanya ili nirudishiwe mke, halafu kila tukigombana nikumbushwe Mwanza mpaka nife? Na kukataa ni kumpoteza.

Siku ya tatu nikashuka Lushoto na ile statement, Zubeda aliiacha alipoondoka. Benki sikurudi, nilikuwa naona haya na ile foleni. Nikaingia steshenari moja iliyobandika picha ya ndege ukutani, inauza na tiketi. Kuna dada anaitwa Neema pale. Mungu ampe mume mwema kama hana.

Nikamwambia, "Mwanangu, nisomee hii kama unavyomsomea baba yako."

Akaiweka mezani, akachukua rula.

"Baba, mstari huu mkubwa ndio tiketi yenyewe. Namba hii ndefu, tarakimu kumi na tatu, ni namba ya tiketi. Tatu za mwanzo zinaonyesha shirika. Huu mdogo umelipwa siku hiyo hiyo, kwa hela hii nadhani ni kiti. Ukitaka kuchagua pa kukaa, mfano dirishani, unalipa juu."

"Kukaa dirishani kunalipiwa?"

"Kunalipiwa."

"Haya, endelea."

"Huu wa tatu ni siku nne mbele. Huo utakuwa mzigo wa ziada. Mtu kaenda mwepesi, wakati wa kurudi kabeba kitu."

Nikamwuliza, mbona mimi sijapanda? Akasema neno ambalo natamani lingebandikwa kila benki: mwenye kadi na msafiri si lazima wawe mtu mmoja. Kadi inalipa tu. Tiketi inabeba jina la mtu, na lazima lifanane na kitambulisho, la sivyo uwanjani harushwi.

Akafungua tovuti ya shirika lile (silitaji, wao hawana kosa, walilipwa wakabeba). Kuna ukurasa wa kutoa risiti. Unaweka namba ya tiketi na jina la ukoo la msafiri. Vikioana inafunguka. Akaweka Kaniki, ukoo wangu. Ikakataa. Akarudia kwa herufi kubwa. Ikakataa.

"Baba, wewe si abiria wa tiketi hii."

Nilitamani aipige muhuri hiyo sentensi.

Nikashusha pumzi nikasema, "Sasa aliyekwenda Mwanza ni nani?"

Neema akasogeza rula juu chini. "Mwanza umeitoa wapi?"

"Si imeandikwa hapo?"

"Hapa hakuna Mwanza, baba. Hakuna hata Dar. Statement hii haisemi ndege imetoka wapi wala imekwenda wapi. Nani kakuambia Mwanza?"

Wakuu.

Mwanza ilitoka kinywani mwa Twaha.

Neema akasema, kama kuna jina lingine unalolishuku tulijaribu sasa hivi. Nikamwambia hapana mwanangu, nionyeshe tu jinsi ya kufika kwenye huo ukurasa, niandikie kwenye karatasi. Hilo jina nataka likaandikwe Mlola.

Nilivyorudi nyumbani nilikuwa na wasiwasi bado. Nikikosea, nimemsingizia mkubwa wa ukweni mbele ya mama yake, na hapo mke harudi hata kwa ng'ombe. Nikasonga ugali wangu wa mtu aliyekimbiwa, nikawakaanga dagaa waliobaki.

Tonge la pili nikalishusha.

Nikawaangalia wale dagaa. Nao wakaniangalia. Magoma naijua mimi. Kuna mahindi, kuna joto, kuna mbu. Ziwa hakuna. Dagaa wa Magoma wanatoka dukani kama wa kwetu, wadogo, nusu vumbi. Hawa walikuwa wakubwa, wanang'aa, mfuko mzima. Mzigo wa ziada.

Nilikuwa nakula dagaa waliopanda ndege kwa hela yangu.

Nikacheka peke yangu mpaka jirani akauliza kama kuna msiba.

Jumapili nikafunga safari ya Mlola. Beberu nilikwenda naye, mweusi, mzuri, kafungwa nyuma ya bodaboda. Vitenge doti mbili ndani ya mfuko. Nilitaka wanione nimenyooka kama mtuhumiwa mwema.

Mama mkwe alikuwa kakaa mlango wa ndani, uso kaufunika nusu. Nikampa shikamoo kwa mbali nikiangalia chini, ndivyo ilivyo kwetu. Zubeda pembeni yake, hakunitazama. Hadija mke wa Twaha alikuwa jikoni anapika. Mzee Hoza, jirani Mlutheri aliyeitwa awe shahidi, yuko kwenye benchi. Na Twaha kwenye kiti chenye mto.

Alitoka kumpokea beberu mwenyewe. Akampapasa mgongo. "Ananenepa huyu, shemeji."

Kikao kikaanza. Twaha akaongea kama nusu saa. Uaminifu. Ndoa. Wanaume wanaopata hela kidogo wakapaa. Hilo la kupaa alilirudia mara mbili, lilimpendeza.

Kisha akaniuliza, "Shemeji, unakiri?"

Nikasema, "Shemeji, faini hii hapa nimeileta kabla sijaulizwa. Nina ombi moja dogo. Kuna ukurasa unatoa risiti ya tiketi, unaonyesha jina la aliyekaa kwenye kiti. Tuutazame wote, ili nikikiri nikiri na kitu kamili. Simu yangu ni batani. Naomba ya kwako."

Mmeshawahi kumwona mtu akimeza mate yakakataa?

"Mtandao huku unasumbua," akasema.

Mzee Hoza akasema, "Wangu umejaa. Lakini simu yako ni kubwa zaidi, tutaona vizuri."

"Bando limeisha."

Zubeda akasema, "Kaka, si ulikuwa unaangalia video sasa hivi?"

Akaitoa. Angefanya nini? Zubeda akaishika maana anasoma vizuri kuliko mimi. Nikamtajia kutoka kwenye karatasi ya Neema, polepole, tarakimu moja moja, kumi na tatu zote. Twaha akasimama, akasema anakwenda kutawadha. Mzee Hoza akaliangalia jua.

"Alasiri bado, Twaha. Hata mimi Mlutheri najua. Kaa."

Zubeda akaandika Kaniki. Tukangoja.

"Inasema haipo."

Nikasema, "Kwa hiyo si mimi. Sasa mama Sofia, jaribu jina la kwenu. Shebughe."

Hapo akanitazama mara ya kwanza tangu aondoke. "La kwetu? Unataka kusema mimi ndiye niliyepanda?"

"Andika tu."

Akaandika. Ikazunguka. Ikazunguka. Mtandao wa Mlola mnaujua, unafikiria kwanza.

Ikafunguka.

Zubeda akasoma kimya. Akasoma tena. Kisha kwa sauti, "Shebughe, Twaha. Dar es Salaam, Mwanza. Kiti..." Akanyanyua kichwa. "Kaka, hiki ni cha dirishani?"

Beberu ndiye aliyejibu huko nje.

Hadija akatokea jikoni na mwiko mkononi, unga unadondoka. Akauliza taratibu kabisa, "Magoma wamejenga kiwanja cha ndege lini?"

Basi Twaha akaanza kutiririka. Kuna mwanamke wa Mwanza alimpata kwenye simu. Twaha akamdanganya kuwa yeye ni mfanyabiashara mkubwa wa mboga Tanzania nzima. Yule mama akamwambia njoo basi nikuone. Na mfanyabiashara mkubwa hawezi kushuka kwenye basi kavimba miguu, ndiyo akapanda ndege. Kadi yangu alikuwa ameipiga picha mbele na nyuma siku moja akiwa na lile kopo.

"Sasa huyo mwanamke?" akauliza mzee Hoza, na macho yake yalikuwa yanacheka wazi wazi.

Twaha akasema kwa sauti ndogo, "Alinipokea na mume wake. Walitaka kuuziwa karoti kwa jumla."

"Na dagaa?"

"Walinipa zawadi. Magunia mawili."

Nilitaka kukasirika wakuu, nilikuwa nimejiandaa, lakini nililazimika kutoka nje nikamshike beberu kamba maana mbavu zilikuwa zinauma.

Niliporudi, mama mkwe ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi akafunua uso.

"Twaha, wale dagaa uliniletea na mimi. Nilimwombea dua aliyewanunua na aliyewasafirisha." Akanigeukia mimi, jambo asilolifanya. "Mkwe wangu, basi dua ile yote ni yako."

Zubeda akaenda kuchukua nguo zake hata chakula hakikuliwa.

Jumatatu tulikwenda benki wote wawili. Nikauliza, mbona mimi sikupata hata meseji hela ikitoka? Yule dada akasema meseji zote zilitumwa, hata namba ya kuthibitisha malipo ilitumwa. Akasoma simu iliyoandikwa kwenye fomu ya kufungulia akaunti.

Zubeda akasema, "Hiyo ni ya kaka."

Ile fomu, mnaikumbuka. Maswali mengi ya bure.

Polisi sikwenda. Wengi mtanitukana kwa hilo, tukaneni. Ni kaka wa pekee wa mke wangu, na mama yake bado ananiombea. Kikao kiliamua beberu wangu arudi nyumbani pamoja na mwingine wa Twaha, faini yake, na hela ailipe kidogo kidogo kila mavuno. Kopo la chai tulilivunja, kila mtu anashuka na kadi yake. Safu ya mbele msikitini bado anakaa, hilo linaniuma mpaka leo, sijasamehe na sijui kama nitasamehe.

Nilichojifunza, kwa mwenzangu mwenye kalamu nzito: kwenye fomu ya benki angalia kwa macho yako namba ya simu iliyoandikwa ni ya nani. Ukiona ndege usiyoijua kwenye statement, usianze na ugomvi, funga kadi, kisha tafuta ile namba ndefu, maana tiketi ina jina la mtu. Na angalia atakayekusomea karatasi. Akisoma kilichoandikwa, mshukuru. Akisoma na ambacho hakijaandikwa, mwombe simu yake.

Nanyi semeni, kuna mwingine humu kadi yake imeshawahi kukaa kwenye kopo? Na nyie watu wa Mwanza, bei ya dagaa gunia ni ngapi, nataka nijue nilisafirisha mali ya kiasi gani.

Twaha huwa anakuja kwangu kila mavuno kuleta anachodaiwa. Sebuleni nina dirisha moja linaloangalia barabara. Zubeda amemwekea kigoda pale, hakuna mwingine anayekikalia.

Akiingia tu nasimama kumpokea kwa heshima zote.

"Karibu dirishani shemeji. Pameshalipiwa."